Barua ya wazi kwa TAMISEMI na Tume ya Uchaguzi: kura zetu za lile Jiji la zamani la Dar mmezihifadhi wapi?

Kwa Waziri wa TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, kwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na nyie wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ambao najua hakunaga mtu anayewaandikia barua.

Shikamooni wale mlionizidi umri, na wengine habari za kazi. Mimi ni mama tu, mkazi wa Temeke miaka yote, kura napiga tangu vyama vingi virudi. Sitaki kuwazungusha maana najua meza zenu zimejaa. Ninachoomba ni kwamba ile Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam iliyovunjwa Februari 24, 2021, historia yake ya uchaguzi iwekwe wazi, yote, nani alichaguliwa kata gani, kwa kura ngapi, nani alimchagua meya, nani alimtoa, na karatasi zenyewe ziko kabati gani. Basi. Siombi Jiji lirudishwe, hiyo ni hoja nyingine na watu wanaweza wakabishana mpaka kesho, mie naongelea kumbukumbu.

Mtaniuliza kwani inakusaidia nini mama. Ngoja niwaeleze.

Ukiingia mtandaoni sa hivi ukatafuta mameya wa Jiji la Dar es Salaam utaletewa majina yamepangwa kama foleni ya mwendokasi, Kleist Sykes, Adam Kimbisa, Didas Massaburi, Isaya Mwita, halafu Omary Kumbilamoto, na kijana aliyezaliwa juzi anaona ni kiti kilekile kimepokezana watu. Sio kiti kilekile! Hao wanne wa kwanza walikuwa mameya wa halmashauri iliyokaa juu ya manispaa zote za mkoa, kwanza tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, halafu baada ya uchaguzi wa 2015 zikaongezeka Ubungo na Kigamboni zikawa tano. Kumbilamoto alikuwa meya wa Ilala, na siku Jiji la zamani lilipovunjwa Ilala ndo ikapandishwa hadhi ikapewa lile jina. Kwa hiyo mimi wa Temeke kabla ya siku ile nilikuwa ndani ya Halmashauri ya Jiji, baada ya siku ile sipo, na nyumba yangu haijasogea hata hatua moja. Sasa kama hata orodha ya majina inachanganya watu hivi na haijapita miaka mingi, itakuwaje miaka 30 mbele?

Na msidhani ilivunjwa mara moja. Hili ndo linaloniuma na ndo sababu ya barua.

Turudi nyuma kidogo, wenye haraka mniwie radhi. Mwaka 1960 baraza la mji wa Dar lilimpata meya wake wa kwanza Mwafrika, Sheikh Kaluta Amri Abedi, huyuhuyu mshairi, huyuhuyu ambaye uwanja wa Arusha una jina lake. Yaani kabla hata bendera haijapandishwa tulikuwa na meya aliyechaguliwa, na mtu wa tungo juu yake (sijui sa hivi tuna meya gani anaweza kutunga hata beti mbili zenye vina). Desemba 1961 mji ukawa jiji. Halafu, na hii ndo mara ya kwanza, ikaja madaraka mikoani, mwanzoni mwa miaka ya 70, halmashauri za wilaya zikafutwa na za miji zikafuata, madiwani wakarudi nyumbani, mji ukawa unaendeshwa na maafisa walioteuliwa. Wazee wetu wanakumbuka ilivyokuwa, takataka, mitaro imeziba, mwishoni mwa miaka hiyo kipindupindu kikapiga nchi. Mwaka 1978 ikatungwa sheria ya kurudisha halmashauri za miji, 1982 zikaja sheria mbili, namba 7 ya wilaya na namba 8 ya miji, na 1984 Serikali za Mitaa zikaingizwa kabisa kwenye Katiba. Ibara ya 146 inasema madhumuni ya kuwapo Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Maneno machache tu na yameeleweka.

Mara ya pili. Mwaka 1994 tukapiga kura ya kwanza ya madiwani ya vyama vingi, mtu akiwa na fulana ya chama kingine unamwangalia mara mbili mbili. Madiwani wakaingia. Mwaka 1996 Waziri Mkuu Sumaye akaivunja Halmashauri ya Jiji, ikawekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Na mimi nitasema ukweli, Tume ile ilifanya kazi. Barabara zilizibwa mashimo, taka zilizolewa, mji ulipumua, mpaka watu wa Ubungo mwaka 2000 wakampa Keenja ubunge na akawa waziri wa kilimo. Ile halmashauri iliyovunjwa ilikuwa na matatizo yake makubwa na sina kitu cha kuitetea. Ila ona hesabu ilivyo: tulichagua 1994, ikavunjwa 1996, tukakaa mpaka 2000 bila diwani wa kumfuata mtaani ukamwambia wewe bwana mtaro wetu vipi. Na leo ukitaka kujua madiwani wale wa 1994 walikuwa kina nani, kata kwa kata, nenda kajaribu. Utawapata wawili watatu kwenye simulizi za vijiweni.

Mara ya tatu ndo hiyo 2021, na hapo kuna kitu mpaka leo nikikifikiria nacheka peke yangu. Siku ile Februari 24 Rais Magufuli alikuwa anafungua daraja la Kijazi pale Ubungo na kituo kikubwa cha mabasi Mbezi Louis. Kile kituo kilijengwa na nani? Na Halmashauri ya Jiji hiyohiyo. Yaani siku mradi wake mkubwa kuliko yote unakatiwa utepe ndo siku yenyewe inaambiwa kwaheri. Sina ugomvi na hoja kwamba Jiji lilikuwa halina eneo lake, kila kipande cha ardhi kina manispaa yake na madiwani wake, na posho zinalipwa juu na chini. Ni hoja. Ila kati ya mwaka 1973 hivi na 2021 halmashauri ya mji huu imeondolewa mara tatu na mara zote tatu ni kalamu, hakuna hata mara moja ambapo tuliulizwa kwenye sanduku. Sasa kama kalamu inaweza kufuta halmashauri, basi angalau isifute na daftari.

Sasa nieleze daftari lenyewe lilivyogawanyika maana nadhani hata nyie kila mmoja anaona kipande chake tu.

Mwenyekiti wa mtaa tunamchagua kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, unasimamiwa na TAMISEMI, 1999, 2004, 2009, 2014, 2019, 2024. Diwani tunamchagua siku moja na rais na mbunge, unasimamiwa na Tume ya Uchaguzi. Meya hatumchagui sisi, anachaguliwa ukumbini na wajumbe, yaani madiwani na wabunge, na kumbukumbu yake haiko TAMISEMI wala Tume, iko kwenye muhtasari wa kikao cha halmashauri husika. Umeona sasa? Manispaa ikiwepo, muhtasari upo kwenye kabati la manispaa. Halmashauri ikivunjwa, kabati linakuwa la nani? Mali zilirithiwa, kituo cha Mbezi kipo Ubungo, tumeona. Mihtasari nani kairithi?

Nilienda kuuliza. Ofisi siitaji maana kijana niliyemkuta hakuwa mtu mbaya na sitaki apate shida. Nikamwambia mwanangu natafuta matokeo ya udiwani ya kata za huku kwetu na muhtasari wa ule uchaguzi wa meya. Akaniangalia, akaangalia kompyuta, akaniambia, "Mama, hiyo halmashauri si ilishavunjwa?" Nikamwambia najua ilishavunjwa ndo maana naulizia. Akaingia ndani, akatoka na mwenzie, mwenzie akasema labda Dodoma. Dodoma wapi, hajui. Kwenye korido pale kulikuwa na mafaili yamefungwa kwa kamba ya katani yamepangwa juu ya kabati bovu, feni inayapepea, sijui ya nini, inawezekana ni ya vibali vya ujenzi tu, lakini nilivyoyaangalia moyo ulinipasuka.

Na najua matokeo yalikuwepo kwa sababu mwaka 2015 nilikuwa wakala, chama sisemi. Tulihesabu kura kwa taa ya chemli na tochi za simu, darasa la shule ya msingi, madawati yamesukumwa pembeni, saa nane za usiku. Unasaini fomu tatu, 21A ya rais, 21B ya mbunge, 21C ya diwani, nakala inabandikwa mlangoni. Kila mtu anagombania kuipiga picha 21A. Ile 21C ya diwani inabaki pale mlangoni inapigwa na jua na mvua mpaka mwalimu mkuu anaibandua shule ikifunguliwa. Nakala nyingine zinaenda kwa Mtendaji wa Kata, anajumlisha, anatangaza mshindi, watu wanaimba, imeisha. Ya rais na wabunge mtayakuta kwenye ripoti za Tume. Ya diwani wa kata yangu, kwa kila kituo, mimi niliyeyasaini sijawahi kuyaona tena.

Na uchaguzi ule wa 2015 ndo ulikuwa wa kuandikwa kuliko wote! Majimbo ya Dar yalikuwa 10, UKAWA, ule umoja wa vyama vya upinzani, wakachukua 6, Kawe, Kibamba, Ubungo, Ukonga, Kinondoni na Temeke. Kwenye kata hivyohivyo, mji ukapinduka. Ikaja sasa kumchagua meya wa Jiji, hapo ndo tuliona sinema. Uchaguzi uliahirishwa, ukaahirishwa, ukaahirishwa tena, mara ubishi nani ana haki ya kupiga kura na nani hana, wabunge wa viti maalumu wa kutoka Zanzibar wahesabiwe Dar au wasihesabiwe, mara Februari 2016 wajumbe wamefika ukumbini wanaambiwa kuna zuio la mahakama, ikawa vurugu mpaka watu wakaishia polisi na mahakamani. Mwisho Machi 22, 2016, pale ukumbi wa Karimjee, ndo kura zikapigwa. Isaya Mwita wa CHADEMA kura 84, Omary Yenga wa CCM kura 67. Miezi mitano toka Oktoba, jiji kubwa kuliko yote nchini halina meya.

Hebu niambieni, orodha ya waliopiga hizo kura iko wapi? Maana ugomvi mzima ulikuwa ni orodha, nani yumo nani hayumo. Kama ipo iwekwe hadharani ili siku nyingine watu wasipigane mashati juu ya kitu kilekile.

Halafu angalia kilichofuata, na hapa ndo takwimu za uchaguzi peke yake zinakudanganya. Kuanzia 2017 ikaanza ile ya kuunga juhudi, mtu wa upinzani anahamia CCM anasema anaunga mkono juhudi za Rais. Mbunge wa Kinondoni kahama, mbunge wa Ukonga kahama, wa Temeke wetu kahama, uchaguzi unarudiwa, mtu aliyeshinda kwa chama hiki anashinda tena kwa chama kile, na madiwani nao wanaondoka mmoja mmoja. Zile 84 zikawa zinayeyuka bila mpiga kura kuulizwa jipya. Januari 2020 meya akaletewa kura ya kutokuwa na imani naye akatangazwa ameondolewa, ubishi ukahamia kwenye akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa, theluthi mbili imetimia au haijatimia, nani alisaini mahudhurio na nani anasema hakusaini. Yaani halmashauri iliyoanza na ugomvi wa orodha ikamalizia na ugomvi wa orodha. Wakati ugomvi ule unaendelea karatasi ya mahudhurio ilikuwa inaongelewa nchi nzima, kila redio. Leo iko wapi? Mtu wa sheria, mwanafunzi wa chuo, mwandishi, akitaka kuiona aende dirisha gani?

Kuna na kisa kingine kidogo kinaonyesha jinsi rekodi zilivyo ngumu. Boniface Jacob alikuwa diwani wa kata ya Ubungo, kipindi kimoja hichohicho cha 2015 mpaka 2020 amekuwa meya wa Kinondoni, halafu wilaya ikamegwa akawa meya wa Ubungo. Diwani yule yule, kata ile ile, kura zile zile, manispaa mbili. Sasa akija mtu miaka ijayo anapanga jedwali la madiwani wa Kinondoni waliochaguliwa 2015, kata zote za Ubungo anaziweka wapi? Asipokuwa na maelezo ya pembeni ataandika uongo bila kukusudia. Temeke na Kigamboni ni hivyohivyo.

Oktoba 2020 CCM ikabeba karibu kila kitu, upinzani ukalalamika sana, sitaingia huko maana barua itakuwa kitabu. Miezi minne mbele Jiji likavunjwa, mwezi uliofuata Rais mwenyewe akafariki, Mungu amrehemu, na nchi ikawa na mambo mengine ya kufikiria. Naelewa kwanini hakuna aliyeuliza kabati liko wapi. Lakini miaka imepita sasa.

Msiniambie haiwezekani. Bunge letu linaweka Hansard mtandaoni, unaweza ukasoma mbunge alisema nini miaka na miaka iliyopita, mpaka makofi yameandikwa. Kwa hiyo nchi inajua kutunza maneno ikitaka. Na sheria mnazo tena nzuri tu. Sheria ya nyaraka ya 2002 inaruhusu nyaraka za umma kufunguliwa kwa wananchi baada ya miaka 30, na nyie wa Nyaraka mnajua kuliko mimi kwamba karatasi za uchaguzi wa 1994 miaka 30 zimeshatimiza. Zile za 2000 kuja juu kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Hatuombi hisani.

Sasa kazi yenyewe nani aifanye. Tume watoe matokeo ya udiwani ya mkoa wa Dar es Salaam, 2000, 2005, 2010, 2015, 2020 na chaguzi ndogo zote za katikati, hasa hizo za waliohama, kata kwa kata, na pale ambapo mgombea alipita bila kupingwa paandikwe hivyo, isiachwe nafasi wazi mtu akadhani kura zimepotea. TAMISEMI mseme mihtasari ya Halmashauri ya Jiji iliyovunjwa mlimkabidhi nani, kuna hati ya makabidhiano au hamna, kama hamna mseme hamna. Nyaraka mtuambie mlichonacho cha kabla ya 1996, hata kama ni maboksi mawili na panya wameonja, tutashukuru hivyohivyo.

Mkichapa msiweke picha za karatasi zilizopinda hazisomeki halafu mkasema tumeshaweka. Wekeni jedwali mtu wa simu ndogo afungue. Na kwa ajili ya kupanga, kama shida ni watu, hapa mtaani kuna vijana wamemaliza chuo hawana kazi, wanajua kompyuta vizuri, na wastaafu tunaokumbuka kata zilivyokuwa kabla hazijamegwa, wapeni chumba na chai tu mtaona.

Kwenye orodha ya mameya naomba wekeni mstari Februari 24, 2021, juu yake Jiji la zamani la manispaa zote, chini yake Jiji jipya la Ilala, ili mtoto wa shule asichanganywe.

Ombi hili nimeliandika pia kwenye karatasi, nimelipeleka kwa mkono, nakala yangu imegongwa mhuri wa mapokezi. Sheria inasema mnijibu ndani ya siku 30. Mkinijibu kwamba mnaomba muda zaidi nitawaelewa, ila mnijibu.

Ni mimi mama wa Temeke, mpiga kura wa Jiji la zamani.